Ardhi ya Mezani: Kumbukumbu za Vita vya 1914 Kando ya Ziwa

Mchezo wa vita wa mezani ni ule ambao pigano lililowahi kutokea kweli hurudiwa juu ya meza kwa vinyago vidogo vya askari, dadu na kanuni zilizoandikwa, na ambao ardhi yake, yaani vilima, mito, njia, mashamba na nyumba, hujengwa kwa mikono kabla askari wa kwanza hajasimamishwa. Anayeuona kwa mara ya kwanza huvutwa na askari, kwa kuwa ndio wenye rangi na ndio wanaosogezwa, lakini aliyeushughulikia kwa muda mrefu anajua kwamba kazi kubwa imo katika ardhi, na kwamba ujinga wa mjenzi hujitokeza huko mapema kuliko kwingineko. Kitabu cha historia kinaweza kueleza kwamba kikosi kilishuka Kendu kikapanda hadi Kisii, na msomaji akaridhika. Meza hairidhiki, kwa sababu kila sentimita yake lazima iwe na kitu juu yake, nyasi au mtama au jiwe au maji, na anayeijaza hulazimika ama kujua ama kubuni. Mwandishi wa makala haya aliijenga meza ya namna hiyo mjini Kisumu, akaibomoa na kuijenga upya kwa vipindi katika muda wa miaka karibu thelathini, na yanayofuata ni baadhi ya mambo ambayo meza hiyo ilimfundisha kuhusu vita vya mwaka 1914 katika ufuo wa Ziwa Victoria.

Kilichoyafufua ni ripoti. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, taasisi iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi na majina ya waliokufa vitani upande wa Uingereza na makoloni yake, ilikiri kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Magazeti yaliipokea kama habari ya makaburi, na kwa haki. Kwa mtu ambaye meza yake ilikuwa imesimama kwa miaka mingi bila hata mmoja wa watu hao juu yake, ripoti hiyo ilisomeka kwa namna nyingine.

Kabla ya kufika huko ni vizuri kueleza asili ya mchezo wenyewe. Fikra ya kupigana kwa vipande juu ya ubao si ngeni Afrika Mashariki, kwani mchezaji wa bao naye huteka kete za mwenzake, hungojea mtaji, na akikosa cha kuteka hulazimika kutakata. Lakini mashimo ya bao yote ni sawa, na hakuna shimo lililo juu ya kilima au ng'ambo ya kinamasi. Ardhi iliingizwa katika mchezo na mtumishi wa serikali ya Prussia aliyeitwa von Reisswitz, aliyemtengenezea mfalme wake mwaka 1812 meza yenye vigae vya kupangwa na kupanguliwa vilivyoonyesha sura ya nchi, na mwanawe mwaka 1824 akatoa kanuni zilizotumia ramani badala ya vigae, ili maafisa wajifunze kuamuru kabla ya kumwaga damu. Mwandishi wa riwaya H. G. Wells ndiye aliyeueneza nyumbani mwa raia kwa kitabu chake kuhusu vita vidogo vya sakafuni, kilichotoka mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla ya vita vikubwa.

Vita hivyo vilifika katika ufuo wa Kenya upesi kuliko wengi wanavyofikiri. Mwezi Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini, kikashika Karungu ufuoni na kupanda hadi Kisii, kituo cha serikali ya Kiingereza kilichokuwa kimeachwa wazi. Askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, waliojulikana zaidi kama keya, walisafirishwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu, wakapanda kwa miguu, na tarehe 12 Septemba majeshi hayo mawili yakapigana juu ya vilima vilivyouzunguka mji. Ziwani nako meli za abiria na mizigo zilizounganishwa Kisumu, mji uliokuwa ukiitwa Port Florence reli ilipoufikia mwaka 1901, zilifungwa mizinga: Winifred ilitumwa Karungu, Sybil ikagonga mwamba mwezi Novemba upande wa Majita na kukwama hadi mwaka uliofuata, na mwezi Juni 1915 msafara mzima wa meli uling'oa nanga Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba na kuuangusha mnara wake wa redio. Hayo yote yalitokea mahali ambapo leo watu hula samaki wa kukaanga wakitazama jua likizama, na ni wachache sana wanaoyataja.

Mafunzo ya kwanza ya mwandishi katika kujenga ardhi hayakuhusu vita. Katika shule ya sekondari mjini Kisumu, mwishoni mwa miaka ya 1980, mwalimu wa jiografia aliwaagiza wanafunzi watengeneze umbo la uwanda wa Kano na ukingo wa Nyando kwa kadibodi zilizokatwa kwa kufuata kontua, yaani ile mistari ya ramani inayounganisha mahali penye kimo kimoja, kisha wazifunike kwa karatasi zilizolowekwa katika uji wa unga wa ngano. Panya waliula uwanda wa Kano kabla haujakauka. Hata hivyo mwandishi alitoka katika zoezi hilo akiwa amejua jambo ambalo ramani ilikuwa imemficha, kwamba uwanda huo ni sakafu iliyozungushiwa kuta pande mbili na kwamba maji ya Nyando hayana pa kwenda ila ziwani, na ndiyo maana watu wa Kano huyahama mafuriko vizazi kwa vizazi.

Meza yenyewe ilianza mwaka 1993, kwa plaiwudi mbili zilizounganishwa na seremala mmoja wa jua kali karibu na soko la Kibuye, zikafanya urefu wa mita 2.4. Kusudi la mwanzo lilikuwa kuonyesha njia yote kutoka Kendu hadi Kisii, na hapo hesabu ndiyo iliyotoa somo. Umbali huo kwa mstari ulionyooka ni takribani kilomita 40, kwa hiyo kila sentimita ya meza ilipaswa kubeba zaidi ya mita 160 za nchi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Kisii iko karibu na mita 1,700, hivyo mwinuko wote ambao askari waliupanda wakihema ulitoka mezani ukiwa sentimita 3 na nusu, ambazo hazifiki hata urefu wa askari wawili wa plastiki. Kila anayejenga ardhi ya mezani hukutana na mgongano huu kati ya skeli ya umbo, yaani kipimo cha askari na nyumba, na skeli ya ardhi, yaani kipimo cha masafa, na hakuna dawa yake isipokuwa uongo uliokubaliwa. Mwandishi aliukuza wima mara tatu, milima ikafika sentimita 10, na wageni wakaanza kusema kwamba sasa inafanana na Kisii. Jambo hilo lilimkera kidogo, kwa sababu lilimaanisha kwamba jicho la mtu aliyewahi kuipanda milima ile kwa miguu halitaki kipimo sahihi bali linataka uchovu wake uonekane.

Baada ya miaka michache wazo la kuonyesha njia yote liliachwa, na meza ikagawanywa: upande mmoja ufuo wa Kendu, upande wa pili vilima vya Kisii, na kati yake ukanda mwembamba wa njia. Vilima vilichongwa kutoka katika maboksi meupe ya foamu yanayotumiwa kusafirishia minofu ya mbuta, ambayo wakati huo yalipatikana bure kwa aliyekuwa tayari kuyaosha mara nne na kuyaanika siku mbili. Foamu hukatwa kwa waya mwembamba uliopashwa moto kwa betri, husuguliwa kwa msasa, hupakwa gundi ya mbao iliyochanganywa na mchanga uliochekechwa, na ikikauka hupakwa rangi ya maji. Inapaswa kuwa rangi ya maji. Mwandishi, kwa haraka ya kumaliza kabla ya sikukuu, alitumia rangi ya kupuliza ya magari, na kilima cha kaskazini cha Kisii kikazama mbele ya macho yake kama siagi kikaangoni, kwa kuwa dawa iliyomo katika rangi hiyo huila foamu. Mawe yalikuwa rahisi zaidi: wachongaji wa Tabaka, huko Kisii, hutupa vipande vingi vya jiwe lao laini, na vipande hivyo, vikipakwa rangi ya kijivu, hufanana sana na miamba ya Kit Mikayi. Mchongaji mmoja aliombwa ajaribu kuchonga askari wa sentimita 2 kwa jiwe hilo. Alivunja mikono ya askari sita, akacheka, akakataa malipo.

Askari wa plastiki waliletwa na jamaa aliyekuwa akisoma Uingereza, na walikuwa wa vita vingine na nchi nyingine, wakalazimika kukatwa kofia, kuvuliwa viatu kwa kisu na kupakwa upya. Askari wa keya wa mwaka 1914 alivaa kaki, akajifunga vitambaa vya buluu miguuni kutoka goti hadi kifundo, na mara nyingi alitembea peku au kwa kubadhi. Tofauti kubwa zaidi kati yake na askari wa upande wa Wajerumani haikuwa katika mavazi bali katika bunduki, kwa maana kampuni nyingi za Wajerumani katika Afrika Mashariki zilianza vita zikiwa bado na Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi, na kila risasi ilipotoka wingu jeupe liliinuka na kumwonyesha adui mpigaji alipo. Kwa hiyo mezani kila kikundi cha upande huo kikifyatua huwekewa kipande cha pamba, na hakiwezi kujificha tena hadi pamba iondolewe katika zamu inayofuata. Kanuni hiyo ndogo ilibadili mchezo mzima kuliko wingi wa askari, na ni mfano mzuri wa jinsi kitu duni kinavyoweza kueleza zaidi kuliko maelezo marefu. Inasikitisha kwamba hakuna aliyewahi kubuni kanuni nzuri ya nyuki, ambao mwezi Novemba mwaka huohuo waliwavamia wapiganaji huko Tanga bila kujali bendera.

Mimea ilileta aibu ya aina yake. Mwandishi alipanda juu ya meza kile alichokuwa akikiona kila siku, akatumia majani ya chai yaliyokaushwa kuwa vichaka, katani iliyokatwa kuwa nyasi ndefu, na vumbi la mbao lililotiwa rangi kuwa malisho. Mikaratusi ikasimama kandokando ya njia, mashamba ya chai yakafunika miteremko ya Kisii, mabati yakang'aa juu ya nyumba, na ziwani likawekwa zulia la kijani la gugu maji, ambalo katika miaka hiyo ya 1990 lilikuwa limeifunga bandari ya Kisumu hata meli zikashindwa kutoka. Karibu kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kosa. Gugu maji lilifika katika maji ya Kenya karibu na mwaka 1990. Chai ya Kisii ni ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Mbuta, ambaye maboksi yake ndiyo yaliyokuwa vilima, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na mvuvi wa mwaka 1914 alimfuata ngege. Hata Rusinga, iliyochorwa pembeni ikiwa imeunganishwa na Mbita, ilipaswa kuwa kisiwa kamili, kwani tuta lililoiunganisha na bara, na daraja lililochukua nafasi yake, ni kazi za zama zetu. Kung'oa kulichukua muda mrefu kuliko kupanda, na badala ya chai yakawekwa mashamba ya wimbi na mtama, na badala ya senyenge nyua za mnyaa, ule mti wenye utomvu mweupe ambao Wajaluo huuita ojuok na ambao bado huzungushiwa maboma ya zamani.

Lakini kosa kubwa lilikuwa katika maji yenyewe, na halikugunduliwa kitabuni. Mstaafu mmoja aliyefanya kazi bandarini kwa maisha yake yote alikuja kuitazama meza, akaisifu meli iliyowekwa juu yake, akauliza maswali mawili matatu kuhusu dohani lake, kisha akaweka kidole juu ya ufuo na kusema kwamba maji yale si ya wakati wa babake. Alieleza kwamba kabla ya mvua kubwa za miaka ya uhuru ziwa lilikuwa chini zaidi, na kwamba familia yake ililima mahali ambapo sasa mitumbwi hupita. Alikuwa sahihi: kati ya mwisho wa mwaka 1961 na mwaka 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na kwa miongo iliyofuata halikurejea katika hali yake ya kwanza. Ramani iliyotumiwa kuchora ufuo wa Kendu ilikuwa imechapwa baada ya hapo. Katika nchi yenye miinuko mikali mita 2 si kitu, ila katika Ghuba ya Winam, iliko Kendu, ambako maji ni ya kina kifupi na ufuo umelala, mita 2 ni mashamba, ni njia, ni mafunjo, ni mahali ambapo mashua inaweza kusogea na mahali ambapo watu hulazimika kushuka na kutembea majini wakiwa wamebeba mizigo kichwani.

Ufuo ulikatwa upya na kusogezwa upande wa ziwani, ukaachwa ukanda wa matope na mafunjo yaliyotengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizotawanywa ncha, na maji yakafanywa kwa tabaka nane za vanishi juu ya rangi, buluu kidogo na kahawia nyingi, kwa kuwa ghuba hiyo si ya buluu kwa mtu anayeitazama akiwa ufuoni. Kazi hiyo ilimpa mwandishi fahari ya kutosha, naye akaihifadhi meza katika chumba cha jamaa upande wa Dunga. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likakaribia na kwa vipimo vingine kupita kilele cha miaka ya 1960, watu wa ufuo wote kutoka Nyando hadi Budalang'i wakahama nyumba zao, na maji yakaingia katika chumba kile hadi kimo cha magoti. Plaiwudi ilivimba na kubambuka. Ziwa la vanishi lilibaki zima, likiwa limefunikwa na matope ya ziwa la kweli, na miguu ya meza ina alama ya maji hadi leo, ambayo haikusuguliwa. Ni vigumu baada ya hapo kuuchora ufuo kwa mstari mmoja mwembamba kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa.

Somo la kilima lilikuja kwa kucheza, wala si kwa kujenga. Kanuni zilizotumika mwanzoni zilitoa ushindi kwa upande utakaoshikilia kilima cha juu mwisho wa siku, kama zilivyo kanuni nyingi za namna hiyo, na wachezaji walipigania kilima hicho kwa bidii kubwa. Katika historia, keya waliishiwa na risasi wakarudi nyuma kuelekea Kendu jioni ya tarehe 12, nao Wajerumani, baada ya hasara kubwa kwa maafisa wao, wakaondoka usiku kuelekea mpakani, kwa hiyo kulipokucha hakukuwa na jeshi lolote. Mezani hali hiyo haikuwa na jina. Kilima kilikuwa kitupu, na mchezo ukahesabiwa kuwa sare. Kisii yenyewe haikuwa tupu hata kidogo. Abagusii, wenyeji wa nchi hiyo, ambao walikuwa wamekwisha kuadhibiwa kwa bunduki mwaka 1905 na tena mwaka 1908 baada ya kijana Otenyo kumchoma mkuki afisa wa wilaya, waliingia katika kituo kilichoachwa wakachukua mali ya serikali na ya maduka, wakidhani, kwa ushahidi wa macho yao, kwamba utawala ule umekwisha. Serikali iliporudi iliwaadhibu vikali na kutwaa mifugo yao. Mwaka mmoja kabla, huko Alego, Onyango Dunde alikuwa ameanza kutangaza ujumbe wa Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani aliyeahidi kwamba Wazungu wataondoka, na imani hiyo ilikuwa imeingia Kisii wakati huohuo. Kwa aliyeisikia, asubuhi ile ya kilima kitupu haikuwa sare bali utabiri uliotimia.

Nyumba zilizokuwa mezani zilikuwa zimejengwa kwa uangalifu, paa za katani, kuta za udongo, hata maghala ya nafaka yenye vifuniko vya kuinuliwa, na hakuna mtu aliyekuwa ndani yake. Kwa mchezaji zilikuwa kinga dhidi ya risasi tu. Mwandishi anakiri kwamba alizijenga akiwaza unene wa ukuta, na hakuwahi kujiuliza nani alikuwa akila humo tarehe 11 jioni.

Mwaka 2014, karne ilipotimia, meza iliwekwa kwa siku tatu katika ukumbi mmoja mjini Kisumu, na wanafunzi, wavuvi, walimu na wapita njia wakaja kuitazama. Siku ya pili alikuja mzee kutoka upande wa Nyakach, aliyezaliwa karibu na mwaka 1930, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu. Aliizunguka meza polepole, akatazama keya wakishuka melini, akafuata njia kwa ncha ya fimbo yake hadi juu, akarudi tena ufuoni.

"Bunduki ile kubwa," alisema akiionyesha Maxim ya plastiki iliyokuwa katikati ya kilima, "imepandaje huko, mwanangu?"

"Ilibebwa, Mzee."

"Na nani?"

Hakungoja jibu. Nje ya ukumbi, chini ya mti, vijana walikuwa wakicheza ajua, ambalo ni bao la Wajaluo, na mzee akamtuma mjukuu akaombe kete. Zilikuja zimejaa kofia, kokoto bapa za ziwani zilizolainishwa na mikono. Mzee alianza kuzipanga moja moja nyuma ya askari, kutoka gatini Kendu, kando ya njia yote ya kupanda, na alipofika Kisii kofia ilikuwa tupu na safu ilikuwa haijakamilika. Ndipo alipoeleza kwamba babake alichukuliwa mwaka 1917, katika ule mwaka ambao machifu waliamriwa kutoa vijana kwa maelfu kwa ajili ya Kariakor, jina ambalo watu walilipa kikosi cha wapagazi na ambalo leo limebaki kuwa jina la mtaa Nairobi, kwa tahajia ya Kariokor, na Dar es Salaam, kwa tahajia ya Kariakoo. Babake alirudi. Ndugu wawili wa babake walioondoka naye hawakurudi, na hakuna aliyeleta habari.

Mwandishi alikuwa amesoma juu ya wapagazi. Alijua kwamba katika misafara ya Afrika Mashariki mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa pauni 60, yaani kilo 27 hivi. Alijua kwamba katika vita vile wapagazi walikuwa wengi kuliko askari kwa mara kadhaa, kwamba Nyanza ilitoa sehemu kubwa ya wale wa Kenya, na kwamba waliokufa, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Aliwahi hata kusimama mbele ya sanamu za Nairobi za mwaka 1928, ambako mpagazi amesimama pamoja na askari. Kujua huko kote hakukumfanya atengeneze hata kinyago kimoja cha mtu mwenye mzigo, na sababu aliyojipa kwa miaka yote ilikuwa kwamba watengenezaji hawauzi vinyago vya namna hiyo. Sababu hiyo ni ya kweli, na haitoshi, kwa mtu aliyekuwa na subira ya kukata kofia za askari arobaini kwa kisu.

Tangu siku hiyo kete zimebaki mezani. Kanuni ziliandikwa upya ili Maxim isiweze kusogea bila kete nne, na kikosi kisicho na kete za kutosha kisiweze kufyatua zaidi ya zamu tano, jambo ambalo kwa bahati linaeleza vizuri kwa nini keya waliishiwa na risasi jioni ile. Mchezo ulipata ukweli zaidi, na papo hapo ukaleta ubaya ambao haukutarajiwa: wachezaji walianza kuzitumia kete kama mtu anavyotumia mafuta ya gari. Waliziacha njiani, wakazipeleka mbele ya risasi ili kuokoa askari, kwa sababu askari alikuwa na thamani ya pointi na kete haikuwa nayo. Hakuna aliyewafundisha; hesabu ya kanuni iliwapeleka huko, kama hesabu ya mahitaji ilivyowapeleka maafisa wa mwaka 1917. Ripoti ya 2021 ilipotoka, pengo kati ya 116,000 na 350,000 lilikuwa la kutisha zaidi ya takwimu zenyewe, maana linaonyesha kwamba hata idadi yao haikuwekwa na mtu aliyejali kuifunga.

Meza ilijengwa upya mwaka 2022 juu ya plaiwudi mpya, na ufuo wake ukafanywa kipande cha peke yake kinachoweza kusogezwa mbele au nyuma. Kuhusu kete, wachezaji wamebishana bila kukubaliana: wapo wanaotaka kila kete inayopotea iwe hasara ya pointi, na wapo wanaosema kwamba hiyo ni kuwauza mara ya pili. Mwandishi hajaamua. Alichofanya ni kuiandikia kokoto moja, chini, kwa kalamu ya risasi, jina la ami mmoja wa mzee wa Nyakach, kwa idhini ya familia, kisha akaichanganya na zile nyingine zisizo na maandishi, na hakuna mchezaji anayeruhusiwa kugeuza kete yoyote kabla dadu ya mwisho haijatupwa.